Gari Jipya la Fundi Vioo

Mtaani kwao hapakuwa na asiyemjua fundi vioo. Dirisha likipasuka, kabati likihitaji mlango wa kioo, mtu akitaka meza yake ing'ae kama za maofisini, alimfuata dukani kwake, katikati ya muuza rangi na kinyozi. Alikuwa mrefu, mwembamba, vidole vyake vimejaa makovu madogo meupe, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: hakuweza kupita mbele ya kioo chenye alama za vidole bila kukifuta. Hata akialikwa nyumbani kwa mtu, chai iko mkononi lakini jicho liko dirishani, mpaka mwisho anashindwa kujizuia na kuomba kitambaa.

Kwa miaka mingi alipeleka vioo kwa wateja kwa baiskeli. Alivifunga kwa mipira kwenye fremu, akatembea kando yake taratibu kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mvua ikamnyeshea, jua likamwunguza, madereva wakampigia honi na kumtukana. Kila usiku kabla ya kulala alimwambia mkewe, "Ipo siku." Mkewe alikuwa nesi wa wodi ya wanaume, mwanamke wa maneno machache, naye alijibu, "Ipo, ipo. Zima taa."

Siku hiyo ilipofika, gari lenyewe lilikuwa jipya kabisa, la bluu iliyokolea, halijawahi kukaliwa na mtu mwingine. Mtaa mzima ulitoka kuliangalia. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa. Na miongoni mwa waliokuja mbio alikuwepo dada yake, futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Huyu dada ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki wakati fundi bado mtoto wa kubebwa mgongoni na dada bado msichana wa shule. Dada aliacha shule, akaenda kukaa kwenye cherehani ya jirani, akaanza kwa kupinda masuruali ya watu na kubadilisha zipu. Kidogo kidogo mkono ukakubali. Akawa anashona magauni ya harusi, na si kushona tu, bali kutarizi: maua madogo ya uzi, shanga moja moja, kifuani mpaka mkononi, kazi ambayo ukiiangalia kwa karibu unahisi macho yanauma. Maharusi walimwuliza kwanza yeye kama ana nafasi, ndipo wakapanga tarehe. Kwa mkono huo ndio alimsomesha mdogo wake, akampeleka kujifunza ufundi, na hata siku ya kumposea mke ni yeye aliyekwenda kuzungumza.

Alilizunguka gari, akacheka peke yake, akachungulia ndani.

"Mdogo wangu, linanuka kama kiatu kipya!"

"Dada, usiguse mlango. Shika kitasa tu."

Watu wote wakaangua kicheko. Mkewe peke yake ndiye aliyemwangalia usoni, akaona kwamba hatanii.

Tangu siku hiyo jina la fundi vioo likaanza kufifia, likaja jingine: Bwana Kitambaa. Asubuhi kitambaa, jioni kitambaa. Cha kioo kilikuwa peke yake, cha bodi peke yake, cha dashibodi peke yake, na ole wake atakayevichanganya. Matairi aliyapaka dawa nyeusi mpaka yakawa kama yametoka kuchongwa. Hakula ndani ya gari, hakuruhusu mtu ale. Nailoni zilizokuja na viti alikataa kuzitoa, na hata hizo akaona hazitoshi.

Akaenda kwa dada yake na kitambaa kizito cha kijivu.

"Nataka kava za viti. Vya mbele na cha nyuma. Vifunikwe vyote, kisionekane hata kidogo."

Dada akaja na futi yake, akaingia garini akiwa peku, maana viatu aliambiwa avue. Alipima viti vya mbele, akapima cha nyuma, akaingiza vidole kwenye ufa wa kiti.

"Hapa kuna vya kufungia mikanda. Niviachie matundu?"

"Usitoboe, dada. Kitambaa kitaanza kuchanika hapo hapo, sura yote itaharibika."

"Na atakayekaa nyuma?"

"Nani atakaa nyuma? Sisi ni wawili. Akikaa mtu ni hapa na pale tu, sokoni na kurudi."

Dada akachomeka penseli sikioni. "Tundu dogo tu, nitalizungushia uzi. Halichaniki."

"Dada, tafadhali."

Basi akashona bila tundu. Alishona vizuri, maana hakujua kushona vibaya. Kava zikakaa kama ngozi, na vifungio vya mikanda ya nyuma vikalala chini yake vikiwa bado na nailoni za kiwandani. Mkewe alipoziona akaziita foronya. "Umelivalisha gari foronya," alisema. "Sasa litalala."

Nesi naye alishughulika na gari hilo, ila kwa njia nyingine. Alikichukua kile kitabu kilichokuja na gari, kinene, ambacho mumewe alikuwa amekihifadhi ndani ya bahasha kisichafuke, akawa anakisoma kitandani huku miwani imemshuka puani.

"Hapa wanasema upepo wa matairi upimwe mara kwa mara, yakiwa yamepoa. Na la akiba pia."

"Mm."

"Na oili iangaliwe, hata kama gari ni jipya. Na maji ya rejeta. Na likishatembea kidogo lirudishwe kwao likakaguliwe mara ya kwanza, kukaza vilivyolegea."

"Mke wangu, unasoma kama hadithi ya mapenzi. Gari limetoka kiwandani juzi. Kitalegea nini?"

"Mimi nikiingia zamu siulizi nani mzima. Napita kitanda kwa kitanda. Wewe unalizunguka gari kila asubuhi na kitambaa, si ungekuwa unaangalia na mengine? Tairi limekaaje, chini kunavuja nini, taa zinawaka, breki zinashika kabla hujatoka getini. Macho ni yale yale."

"Gari si mgonjwa. Magonjwa ni ya yale makuukuu."

Akacheka, akageukia ukutani. Na kulirudisha kwa ukaguzi wa kwanza hakulirudisha. Kila akikumbushwa alisema wiki ijayo. Ukweli ni kwamba hakutaka mafundi wenye grisi mikononi waliguseguse gari lake.

Kisha ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, kijitaa kidogo chenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Aliiona akitoka kupeleka kioo cha bafuni. Akagonga dashibodi kidogo kwa kidole, kama mtu anayegonga saa iliyosimama. Ikabaki pale pale. Jioni akamwambia mkewe kwa mzaha, "Gari bado linajizoeza. Linajaribu taa zake."

"Taa gani?"

"Ka-njano tu. Nyekundu ndiyo mbaya."

Nesi akatoka nje na khanga yake, akasimama nyuma ya gari, akainamisha kichwa.

"Hili la nyuma, la kushoto, si limelala kidogo?"

Fundi akaja na kitambaa begani. Akaliangalia. Lilikuwa jeusi, linang'aa, alikuwa amelipaka dawa asubuhi ile ile kwa mkono wake.

"Ni hapa pa kuegesha, pameinama. Tairi jipya hilo, tazama vinyweleo vyake bado vipo."

"Lipitishe kwa watu wa upepo."

"Nitalipitisha."

Na nia alikuwa nayo, kusema kweli. Lakini kesho yake alikuwa na kazi ya madirisha ya shule, keshokutwa mvua, na siku iliyofuata jicho lilikuwa limeshaizoea ile taa ya njano kama linavyozoea picha ya ukutani.

Dada alikuwa na gauni la harusi la kupeleka mji wa pili. Bibi harusi wake alikuwa binti wa mteja wa zamani, na gauni hilo lilimchukua dada muda mrefu kuliko yote aliyowahi kushona. Alikuwa ameshazungumza na watu wa basi. Fundi aliposikia akahisi kama ametukanwa.

"Dada upande basi na gauni jeupe, mimi nina gari?"

"Sitaki kukusumbua."

"Umenilea, halafu unaniambia kusumbua? Mke wangu naye yuko likizo. Tunakwenda wote, tunarudi wote."

Dada alifurahi. Hilo fundi alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote: jinsi alivyofurahi, jinsi alivyokuja asubuhi amevaa viatu vya kutokea, gauni limekunjwa ndani ya shuka jeupe, amelikumbatia kama mtoto aliyelala.

"Wifi, kaa mbele," nesi akamwambia. "Mimi nitakaa nyuma."

"Hapana wifi, nyuma nitapata nafasi ya kulilaza." Akaingia, akalaza gauni magotini na kando yake, kisha akavuta mkanda begani, akatafuta pa kuuchomeka. Mkono ukapapasa juu ya kitambaa cha kijivu alichokishona mwenyewe. "Aa," akasema, akacheka kidogo. "Nimesahau. Hapana tundu."

"Toa hiyo foronya," nesi akamwambia mumewe.

"Mpaka nifungue kamba zote za chini? Tutachelewa, harusi ya watu hii. Dada, safari yenyewe fupi, nitaendesha polepole."

"Twende tu," dada akasema. "Tusigombane asubuhi asubuhi."

Na kweli aliendesha polepole mwanzoni. Walizungumza, walicheka. Dada alisimulia jinsi bibi harusi alivyonenepa katikati ya vipimo na kuapa kwamba ni cherehani iliyokosea. Barabara ilikuwa nzuri, lami mpya, jua limeanza kuwa kali. Gari likaongeza mwendo pole pole bila mwenyewe kulihimiza, kama magari mapya yanavyofanya, hayapigi kelele kukuambia unakwenda mbio. Nesi akasema anahisi nyuma kunavuta. Fundi akasema ni upepo wa pembeni.

Tairi la nyuma la kushoto likapasuka.

Mlio ulikuwa kama wa kioo kikubwa kinachoanguka chali. Fundi alikanyaga breki kwa nguvu zote, jambo ambalo hakutakiwa kulifanya, na nyuma ya gari ikazunguka kama mkia. Waliacha lami, wakaruka ukingo, wakaingia mtaroni, pua ya gari ikajikita kwenye udongo. Mikanda ya mbele ikawakamata yeye na mkewe, ikawakaba vifua, ikawaachia. Nyuma hapakuwa na cha kumkamata mtu. Dada alirushwa katikati ya viti, mkono wa kulia umetangulia.

Vumbi lilipotulia, fundi alisikia mkewe akisema kwa sauti yake ya wodini, tulivu kabisa, "Wifi, usijisogeze. Niangalie mimi. Usijisogeze." Akageuka. Dada alikuwa amejikunja chini, uso umepauka, na shuka jeupe limefunguka juu yake. Mkono wake ulikuwa umepinda pasipo na kiungo.

"Gauni limechafuka?" dada akauliza.

Hospitali waliupasua mkono, wakatia vyuma, wakashona. Bega nalo lilikuwa limetoka. Daktari alisema mfupa utaunga, bali mishipa ya vidole imeumia, na kuhusu hiyo hawezi kuahidi kitu. Fundi alisimama ukumbini na shati lenye vumbi. Hakuwa amevunjika hata ukucha, na hilo lilimuumiza. Kila alipopita mtu akamwuliza, "Na wewe umeumia wapi?" alitamani awe na pa kuonyesha.

Bibi harusi aliolewa na gauni la kuazima. Watu walioliona lile la dada, lililofuliwa na kurudishwa, wanasema tope liliondoka ila shanga za upande mmoja hazikupatikana tena.

Gari lilivutwa mpaka kwenye uwanja wa polisi. Alipokwenda kulichukua, askari wa barabarani alimwonyesha tairi, au kilichobaki. Ndani ya mpira kulikuwa na msumari wa kupigilia mbao, mkongwe, umeshaanza kushika kutu. Ulikuwa umeingia siku nyingi, askari akamweleza, upepo ukawa unatoka kidogo kidogo, tairi linakwenda nusu tupu, linachemka. "Huwa kuna taa inawaka," askari akasema bila ubaya wowote. "Ya kwako haikuwaka?"

Fundi akachuchumaa. Alikuwa anauangalia ule msumari na kukumbuka vitambaa vyake. Alilipaka dawa tairi hilo asubuhi ngapi? Aliinama mbele yake, pua karibu na mpira, akalisugua mpaka akajiona. Kichwa cha msumari kilikuwa pale pale katikati ya kashata za tairi, ile mistari iliyochongwa kwenye mpira, na yeye alikuwa anatafuta tope.

Akafungua mlango wa nyuma. Alitoa kisu cha kukatia mipira ya madirisha, akachana kile kitambaa cha kijivu kutoka ukingo mpaka ukingo, hakutafuta kamba. Vifungio vya mikanda vikatokea vitatu, vimelala kwa mpangilio, nailoni zake hazijaguswa. Alikaa pale kwenye ukingo wa kiti, miguu iko nje, akalia mpaka askari akaondoka kwa heshima na kujifanya ana kazi ofisini.

Mkewe hakumwambia "nilikuambia". Fundi alilingoja neno hilo, akajiandaa kulipokea, na lingekuja angalau lingekuwa adhabu. Halikuja. Jioni moja tu, akiwa anaosha vyombo, nesi alisema akiwa amempa mgongo, "Ningeshuka. Ningesema siendi mpaka utoe foronya. Nami niliogopa kuchelewa." Akaendelea kuosha.

Dada alirudi nyumbani kwake na mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Fundi alikwenda kila jioni baada ya kufunga duka. Alipeleka maziwa, akarekebisha mlango, akafuta madirisha ambayo hayakuwa machafu. Siku alipopata nguvu za kusema, alikuwa amesimama, hakuweza kukaa.

"Dada, nisamehe. Uliniomba tundu."

Dada alikuwa anakanda mpira laini kwa vidole kama alivyofundishwa na watu wa mazoezi. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa havikutani.

"Niliuliza mara mbili," akasema.

"Najua."

"Na niliposhona nilikuwa na mkasi mkononi. Nikasema nitoboe tu, hataona, nitazungushia uzi wa rangi ile ile. Halafu nikasema, gari ni lake, amelisubiri sana, acha afurahi." Akauweka mpira chini. "Mimi nimezoea kukuacha ufurahi, tangu mdogo. Na mimi nina langu hapo."

"Usinibebee hilo, dada."

"Sikubebei. Nasema lilivyokuwa."

Angempigia kelele ingekuwa nafuu. Hakupiga kelele hata siku moja. Aliendelea kumwita mdogo wangu, akaendelea kumwuliza kama amekula. Ila akitaka kwenda kliniki alipanda basi. Fundi alilitengeneza gari, akaliwekea matairi mapya, viti vikiwa wazi. Kila asubuhi alilizunguka akipima upepo, akichungulia chini, akivuta kijiti cha oili, akivuta mikanda yote mmoja mmoja. Majirani walisema Bwana Kitambaa amebadilika. Bodi lilikaa na vumbi wiki nzima. Siku moja akalipeleka gari mpaka mlangoni kwa dada, akazima injini.

"Nimelikagua lote, dada. Nakupeleka na kukurudisha."

"Nimezoea kutembea kidogo," dada akajibu. "Daktari amesema kutembea ni kuzuri." Akapita kando ya gari na mkoba wake mkono wa kushoto, bila kuharakisha, kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyewahi kumng'ata.

Mwaka ulipogeuka, ilijulikana kwamba vidole havitarudi vilivyokuwa. Kushona kwa cherehani aliweza, pindo na zipu, kazi aliyoanza nayo usichanani mwake. Kutarizi hakuweza. Sindano ilimponyoka. Maharusi walikuja, wakakaa, wakanywa maji, wakaelekezwa kwa fundi mwingine mtaa wa juu. Mmoja alikataa kwenda. Alikuwa binti wa kinyozi, na alisema atangoja, hata kama ni maua matatu tu kifuani.

Fundi alimkuta dada ameinamia kitambaa cheupe, uzi mdomoni, sindano imeanguka kwa mara nyingine kwenye sakafu.  Akaiokota, akatunga uzi, maana mikono yake ilikuwa imezoea vitu vyenye makali. Akakaa chini kwenye kigoda.

"Nionyeshe pa kuanzia."

"Wewe? Wewe ni wa vioo."

"Nionyeshe tu."

Dada akasogeza kiti. Kisha akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mdogo wake, akausogeza mpaka kwenye alama ya penseli, akaingiza sindano pamoja naye, akaivuta ikatokea upande wa pili. Ua la kwanza lilichukua jioni nzima. Lilikuwa limejikunja upande mmoja, petali moja nene, nyingine nyembamba kama unyoya.

Dada akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaliangalia mbali, akaliangalia karibu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile sauti yake ikawa na ukali.

"Baya," akasema. "Bibi harusi hawezi kuvaa hiki. Fumua."

Fundi akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, macho yamejaa machozi kiasi cha kutoona anakata wapi.

"Taratibu," dada akamwambia. "Usitoboe kitambaa."